Nyumba Isiyoonekana Kutoka Njiani

Asubuhi ile niliamka kabla ya dada yangu, nikakunja mkeka, nikafunga kifurushi changu, nikatoka. Sikuwa nimepanga kwenda popote. Tangu nilipotoka machimboni nilikuwa nalala jikoni kwake, mtaa wa Nyakato, na upepo wa ziwa uliokuwa ukipita chini ya mlango kila alfajiri ulinisumbua kama mtu anayeniita kwa sauti ya chini. Nilipofika barabarani nikamsikia dada dirishani.

"We! Unaenda wapi?"

"Sijui."

"Basi ukifika utusalimie wa huko."

Akafunga dirisha. Hakukasirika; alishanizoea. Mimi niliacha shule darasa la sita, na si kwa ugonjwa wala kwa kukosa ada. Mwalimu alikuwa anatueleza habari za mito, na nje mvua ilikuwa inachimba mto mdogo wa kweli katikati ya uwanja wa mpira. Nikatoka kwenda kuutazama, nikaufuata mpaka ulipoishia, na sikurudi. Baada ya hapo nilishona nyavu Kigera, nikafyatua na kuchoma matofali Kamunyonge, nikachimba dhahabu huko nyuma ya vilima vya Butiama. Mikono yangu ilijua vitu vingi nusunusu.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Ukimwona mtu anakimbia mjini ulikimbia naye kwanza, ukauliza baadaye kama ni sabuni au ni sukari. Lori lililokuwa likielekea Bunda na magunia matupu ya pamba lilinipakia kwa sababu dereva alitaka mtu wa kuzungumza naye, kisha likanipakia nyuma kwa sababu nilikuwa nauliza sana. Nikalala chali juu ya magunia. Mbingu ilipita juu yangu polepole, buluu tupu, na vilima vikachungulia kingo za bodi kimojakimoja, kama ng'ombe wanaonyosha shingo. Tulipoiacha njia panda ya Butiama lori likakohoa, likasimama.

"Tumefika," dereva akasema.

"Bunda?"

"Hapana. Tumefika mwisho wa dizeli. Tutakaa hapa mpaka Mungu apite na dumu."

Nikashuka kutafuta maji ya kunywa. Njia ndogo ilipanda kilima ambacho kilikuwa kimekonda mpaka mifupa yake, yale mawe makubwa ya kijivu, ilikuwa imetokeza nje. Miti ilikuwa imekwisha, na nyasi zilikuwa vishungi vichache vilivyoshikilia udongo kwa shida. Katikati ya mteremko palikuwa na korongo. Lilianza juu likiwa jembamba kama ufa wa kisigino, likashuka likipanuka, na chini kina chake kilimzidi mtu aliyesimama. Ndani yake mwanamke wa makamo, kichwani amebeba jiwe, alikuwa anatembea taratibu kama aliyebeba mtungi uliojaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja kununua, sina kitu. Kama umekuja kuomba, sina kitu vilevile. Kama umekuja kunicheka, kaa pale kivulini uchekee vizuri."

"Naomba maji tu."

"Maji ninayo. Shika jiwe hili kwanza."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi kwake. Alikuwa anapanga mawe kukatiza korongo, safu baada ya safu, ili maji ya mvua yatakapokuja yapunguze mbio na kuacha udongo nyuma ya mawe. Niliposhusha la tatu au la nne akanionyesha kwa kidevu sehemu ya juu ya ukingo. Kulikuwa na kaburi pale, limezungushiwa mawe madogo, na ufa wa korongo ulikuwa umeshakaribia miguu yake.

"Mume wangu," akasema. "Mvua za mwaka jana korongo lilikula jiko. Halafu likala nyumba. Sasa linamtaka yeye."

Kibuyu cha maji kilikuwa kwenye kihenge, ghala la nafaka lililoinuliwa kwa nguzo. Ndimo alimokuwa analala. "Mimi ndio mtama wa mwaka huu," akasema, akacheka peke yake kidogo. Kisha akanieleza habari yake yote, kwa jinsi watu wanavyomweleza mpita njia mambo ambayo jirani hawezi kuambiwa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amempa muda wa kiangazi hicho. Mvua zikikolea, watu wakianza kupanda, kama hakuna nyumba juu ya ardhi ile, basi itakuwa malisho ya ng'ombe, na yeye arudi kwa kaka zake vijiji vya ziwani. Shemeji hakuwa mtu mbaya, alisema. Alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na majani.

"Na nikienda," akasema, "nani atapanga mawe?"

Nikatazama kilima. Hapakuwa na mti mrefu wa kutosha boriti. Hapakuwa na nyasi za kuezekea. Mabati na saruji, miaka ile, vilikuwa maneno tu. Watu waliyataja kama wanavyowataja ndugu waliohamia mbali. Nikarudi korongoni kukaa kivulini, nikaweka kiganja kwenye ukingo wa udongo. Ulikuwa wa baridi. Juu yetu jua lilikuwa linapasua mawe, na mimi nilikuwa naegemea kitu cha baridi kama shavu la mtungi.

Nikakumbuka machimbo. Saa sita mchana waliokuwa juu walikuwa wanayeyuka, sisi wa chini tulikuwa tunaomba mashati yetu. Na alfajiri za mwezi wa saba, baridi inapouma, joto lilikuwa linapanda kutoka shimoni kama pumzi ya ng'ombe. Ardhi ilikuwa haina haraka. Joto la mchana lilikuwa linafika chini likiwa limechelewa, na baridi ya usiku pia.

"Mama," nikasema, "kwa nini usijenge humu?"

"Humu wapi?"

"Ndani ya ukingo. Tuchimbe chumba, tukate upande huu, juu tuezeke kwa udongo huuhuu wa kilima."

Akashika kiuno. "Mimi nimeponyoka mdomoni mwa korongo, wewe unataka nikalale tumboni mwake."

Lakini hakuondoka. Nikachora chini kwa kijiti. Akaja akasimama juu ya mchoro wangu, akafuta mstari mmoja kwa kidole gumba cha mguu, akaniuliza maswali ambayo nimeyakumbuka maisha yangu yote, kwa sababu hata leo sijaona nyumba yenye kuyajibu vizuri zaidi.

"Moshi unatokea wapi? Maji yanapitia wapi? Na mgeni analala wapi?"

La mgeni lilinishangaza. Akanieleza kwamba katika ukoo ule nyumba mpya si nyumba mpaka ifunguliwe na mgeni. Si ndugu, si jirani, na si mtu aliyealikwa. Lazima awe mpita njia aliyeiona mwenyewe, akapiga hodi, akakaribishwa, akala, akalala, akaamka salama. Nyumba yake ya kwanza ilifunguliwa na mchuuzi wa dagaa kutoka ziwani. "Alinukaga yule," akasema, "lakini aliamka salama. Ndoa yangu yote ilinukia dagaa."

Lori lilipata dizeli siku iliyofuata. Dereva akapiga honi mara mbili, nikampungia mkono kutoka ndani ya shimo.

Tulichagua ukingo uliotazama mawio. Jua la asubuhi, tulitaka liingie mlangoni mpaka ukuta wa nyuma, likaushe na kuamsha. La alasiri, lile kali, tulitaka lipige kisogo cha kilima lisituone. Nikachimba, naye akasomba udongo. Hatukuutupa hata kidogo. Wa juu, mweusi, tuliuweka kando kwa ajili ya paa; mwekundu tukaupeleka nyuma ya zile safu za mawe. Mchana tulipumzika ndani ya kile tulichokwisha kuchimba, na kila siku kivuli kilikuwa kirefu kuliko jana. Nilikuwa nasinzia pale nikasikia sauti za ndani ya ardhi, mchanga ukidondoka, mzizi ukikatika, na sikuweza kujua kama nimelala au la. Nyumba nyingi nimeziona zikipanda. Ile ilikuwa inaingia.

Boriti zilitusumbua kwa muda. Kisha akakumbuka kwamba nguzo za nyumba ya zamani zilikuwa zimefukiwa na tope chini kabisa ya korongo. Tukazifukua. Zilikuwa zimevunjikavunjika, na hakuna iliyokuwa ndefu, basi zile nguzo zilizovunjika zikatuamulia upana wa vyumba: viwili vyembamba, vimelala sambamba, katikati ukuta wa mawe wa kubeba uzito. Machimboni tulijua kwamba paa jembamba ndilo linalovumilia. Tukazibabua nguzo motoni mpaka zikawa nyeusi, mchwa wasizipende. Juu yake tukalaza mashina ya mkonge yaliyokauka, yakibanana, na juu yake udongo wa kichuguu uliokandwa na samadi na majivu. Mama aliukanda kwa miguu akiimba kitu cha kwao, nami niliupiga kwa ubao mpaka ukaanza kutoa mlio wa chungu kilichoiva. Halafu mchanga wa chembe kubwa wa kupitisha maji. Halafu ule udongo mweusi. Halafu vishungi vya nyasi, kimojakimoja, tulivyoving'oa na mizizi yake mahali palipobaki nyasi, tukavipanda juu ya nyumba kama mtu anavyopanda viazi. Vilikuwa vikavu, rangi ya vumbi. Kila jioni alivimwagia maji aliyooshea vyombo.

Moshi tulimwachia mchwa. Utotoni niliwahi kupasua kichuguu nikaona mifereji inayopanda kutoka chini hadi juu, na hewa ikitoka pale ikiwa ya uvuguvugu. Na machimboni tulisema shimo la tundu moja linaua, la matundu mawili linapumua. Basi mafiga tukayaweka karibu na mlango, na moshi hatukuuacha upande moja kwa moja. Tuliupitisha ndani ya kitanda cha udongo kilichoshikana na ukuta, kama moto wa tanuru unavyopita chini ya matofali, ndipo ukatokea nyuma kwenye bomba la mawe lililochungulia juu ya nyasi. Moto wa kusongea ugali wa jioni ulikipasha kile kitanda, nacho kilihifadhi joto mpaka jogoo. Mzigo wa kuni aliokuwa anaukata mbali, tena kwa wizi kidogo, ukaanza kumkalia siku nyingi.

Na maji. Kilima chote juu ya nyumba tulikikatia mitaro ya kukinga maji, ikikatiza mteremko bila kupanda wala kushuka. Usawa niliupima kwa chupa ya soda iliyojazwa nusu, imelala juu ya ubao. Maji yakitulia katikati, nachimba, yakikimbilia upande mmoja, nahamisha ubao. Mama aliipenda sana ile chupa. Alikuwa anainama kuitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kumbe maji yenyewe yanajua," akasema. "Sisi tulikuwa hatuyaulizi."

Mtaro wa juu kabisa ulipita nyuma ya kaburi. Nyuma ya ukuta wa nyumba tulijaza kokoto ili unyevu ushuke bila kutugusa. Pembezoni mwa korongo tukachomeka vijiti vya mkuyu, na kwenye unyevunyevu wa chini tukapanda matete. Hakuna kilichoota. Kilima kilibaki cha kahawia, kama mtu anayesikiliza bila kuitikia.

Mimi nilikuwa nalala ndani ya ule uchimbaji, yeye kwenye kihenge chake, na tulipomaliza mlango, wa mbao za masanduku, akaniamsha asubuhi moja.

"Baba, leo wanakuja."

Alikuja shemeji na wazee wawili wa ukoo. Tuliwasikia wakipita juu, fimbo zao zikigonga mawe. Wakasimama. Vumbi kidogo likadondoka kutoka kwenye dari ya mkonge.

"Nyumba iko wapi?" sauti moja ikauliza.

"Alisema ukingoni."

"Ukingo ndio huu. Mimi naona kilima. Ninyi mnaona nini?"

Mama akajipangusa mikono. "Shemeji," akaita kutoka chini, "umeikanyaga."

Halafu mzee mmoja akaruka kando kama aliyekanyaga nyoka, na tukamsikia mwenzake akicheka mpaka kikohozi kikamshika. Wakashuka kwa kuzunguka. Shemeji alikuwa mtu mrefu, na alichunguza kila kitu. Akapiga ukuta kwa ngumi, akalala kidogo kwenye kitanda cha udongo, akaamka. Alirudi juu ya paa akapiga miguu chini kama fahali, akashuka tena.

"Imara ni imara," akasema. "Hata ng'ombe wangu wanaweza kusimama juu. Lakini shemeji, sisi kwetu tunachimbia watu waliokufa. Wewe unajifukia mzima?"

"Kaburi ninalo moja, liko juu pale, unalijua. Hii ni nyumba."

"Nyumba huonekana kutoka njiani. Nani ataiona hii? Mgeni atapigia hodi nyasi?"

Wale wazee wakatazamana. Hapo wote watatu walikuwa wamekubaliana bila kuzungumza. Shemeji akasema, kwa upole kabisa, kwamba neno lake ni lilelile. Mvua zikikolea atarudi. Kama mgeni atakuwa ameifungua, ni nyumba, na ardhi ni ya mama mpaka afe. Kama hakuna, ni shimo, na shimo halimpi mtu haki ya kilima.

"Huyu amelala humu kiangazi kizima," mama akasema, akinionyesha.

"Huyu fundi. Fundi si mgeni. Fundi ni sehemu ya udongo."

Walipoondoka nikapendekeza kuweka mti mrefu juu ya paa, na chungu cheupe kileleni, watu waone. Akakataa. Nikasema basi nikakae barabarani, nimwelekeze mtu. Akakasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mgeni wa kuelekezwa ni mwalikwa. Unataka nianze nyumba kwa uongo? Ya kwanza ilianzwa na mtu wa kweli mwenye dagaa wa kweli."

Tukakaa mlangoni tukatazama. Njia ilikuwa juu ya vichwa vyetu, na watu walipita siku zile, wenye baiskeli, wenye mbuzi, wanawake wa mnadani. Tulisikia mazungumzo yao yakikaribia, yakipita juu yetu, yakipotea. Hakuna aliyetazama chini. Tulikuwa tumeifanya kazi vizuri kupita kiasi. Nilihisi kama samaki anayesikia mitumbwi.

Mwishowe akaniambia niende. Alisema nyumba haiwezi kuanza wakati fundi bado yumo, na watu walishaanza kusemasema. Alinifungia kande kwenye jani la mgomba. "Na usinitumie mtu," akasema. "Niapie." Nikaapa.

Bunda nilibeba marobota ya pamba. Nililala kwenye chumba cha mabati nyuma ya kiwanda cha kuchambua, pamoja na wabebaji wengine, na kila alasiri kile chumba kilituokea kama maandazi. Usiku nyufa za mabati ziliingiza baridi. Nimelala chini ya mabati mengi tangu hapo, hasa miaka ya ruksa ilipofika, mabati yakajaa madukani na kila kilima kikaanza kumetameta, na sijawahi kulala chini yake bila kuwaza shavu la ule ukingo. Wenzangu walikuwa wanasema wanakwenda huku na huku, wengine njia ile ya Butiama, na ulimi wangu ulikuwa unaniwasha. Sikusema kitu.

Mvua zikaanza kidogokidogo, matone makubwa yenye harufu ya vumbi. Kisha ikaja ya usiku kucha, na asubuhi nikaona watu wamebeba majembe na mbegu, wamekunja suruali. Nikajua muda umekwisha. Sikuwa na la kufanya kule. Nilitaka tu kujua. Na nilitaka, kama anahama, nimsaidie kubeba vyombo.

Barabara ilikuwa tope, hakuna gari lililopita. Nikakata vilimani kwa miguu kutoka upande wa Bunda, upande ambao sikuwahi kuujua. Mchana ukungu mwepesi wa mvua ukashuka juu ya kila kitu. Kilima kimoja kikawa kama kingine. Nililifuata bonde nikidhani ndilo, halikuwa. Nikapanda, nikashuka, nikapita mawe makubwa yaliyolowa yaking'aa kama migongo ya viboko. Kilichonipoteza zaidi ni rangi. Nilikuwa natafuta kilima cha kahawia chenye jeraha katikati, na mbele yangu kila mahali palikuwa kijani laini, kipya, kama kitu ambacho hakijagusa jua. Alasiri ilipokwisha nilikuwa nimelowa mpaka ndani, na nilikuwa nimekubali kwamba nimepotea.

Nikafika mahali pazuri. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Palikuwa na vidimbwi vitatu vinashuka kwa ngazi, kila kimoja kimeshikwa na safu ya mawe, maji yametulia, na matete mafupi yameanza kusimama pembeni. Vijiti fulani vilivyochomekwa ukingoni vilikuwa na majani madogo mawilimawili. Juu ya kituta kimoja cha kijani ndama alikuwa anakula majani, na karibu na kwato zake moshi ulikuwa unatoka ardhini, mwembamba, wa uvuguvugu, unajikunja kwenye mvua. Nikafikiri: watu wa hapa wana bahati. Nikazunguka kituta, nikaona mlango ndani ya majani yanayoning'inia, na kwa baridi niliyokuwa nayo sikuutazama vizuri. Ndani nilisikia mwanamume akikohoa.

"Hodi wenyewe," nikasema. "Mimi mpita njia. Nimepotea, naomba mahali pa kulala."

"Karibu!" ikajibu sauti ya mwanamume. "Karibu ndani, mgeni, utakufa na mvua hiyo. Umetoka wapi?"

"Bunda."

Nikasukuma mlango, na mkono wangu ulipogusa zile mbao za masanduku ndipo nilipojua. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, mwiko mkononi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kitanda cha udongo, koti lake linakauka ukutani, miguu yake mirefu imenyooshwa kwenye joto. Tulitazamana wote watatu. Mama akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia.

"Huyu ni fundi," shemeji akasema.

"Ndiye," mama akasema. Alikuwa anacheka.

"Fundi hahesabiki. Nilisema."

"Ulisema, shemeji. Na sasa hivi umesema nini?"

Shemeji akalitazama koti lake ukutani.

"Umesema karibu ndani, mgeni. Mimi sikusema, nilikuwa nasonga. Ulimkaribisha mgeni wapi? Shimoni?"

Shemeji akajikuna kidevu. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amefika mchana ule kusema neno lake la mwisho, mvua ikamkuta mlangoni, na alikuwa ameketi pale anasubiri ikatike ili aseme akiwa amesimama, kama inavyopasa. Haikuwa imekatika. Akanigeukia, na sikuona utani usoni mwake.

"Kijana. Nakuuliza mbele ya kaka yangu aliyelala hapo juu. Ulijua kwamba ni hapa?"

Ningeweza kusema lolote. Lakini nilikuwa bado nimejaa ule mshangao, ule wa kusimama nje ya mahali pazuri pa watu wengine.

"Sikujua, mzee. Nilikuwa natafuta kilima kingine."

"Umeichimba wewe."

"Nilichimba mahali pakavu."

Akaitazama mikono yangu. Kisha pumzi ikamtoka puani, akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeshindwa na ng'ombe wake mwenyewe. "Mimi nimeona mafundi wengi," akamwambia mama. "Fundi aliyepotezwa na kazi yake, huyu wa kwanza." Akavuta miguu yake, akasogea upande, akapangusa nafasi juu ya kitanda cha udongo kwa kiganja. "Basi yule fundi alishaondoka. Huyu amekuja amepotea. Keti, mgeni. Lakini haijaisha. Lazima uamke salama, na mimi nitakuwepo nione."

Tulikula ugali wa muhogo na mtama, na furu wa kukaushwa aliotumiwa na kaka zake wa ziwani, ambao mama alituwekea huku akisema nyumba hii nayo itanukia samaki, hakuna jinsi. Shemeji aliuliza kuhusu bomba la moshi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, kama ng'ombe wanaweza kuchimbiwa hivyo.

Nililala upande wa ukutani, yeye upande wa nje, na joto la mafiga likanipanda mgongoni taratibu. Nilikuwa nasubiri kusikia mvua, kama inavyopiga juu ya mabati mpaka watu wanapiga kelele ili wasikilizane. Haikusikika hata kidogo. Dari haikudondosha tone.

"Imekatika?" shemeji akauliza.

Hakuna aliyejua. Ilibidi mama anyanyuke, afungue mlango kidogo, atoe mkono nje.

"Bado," akasema, akaufunga.